Jina Kwenye Tiketi ya Mpanda

Tabora, 9 Februari 1997

Mama mpenzi,

Amahoro. Mimi mzima. Miguu tu ndiyo inalalamika, maana mwezi huu nipo wodi ya wazazi na matroni hataki kuona mwanafunzi amekaa.

Kwanza nikugombeze, halafu tuendelee na mapenzi. Barua yako ya Krismasi uliipeleka posta, na juu ya bahasha ukaandika "Jeannine Nestori, Chuo cha Wauguzi". Mama! Mlinzi alizunguka nayo mabweni yote matatu akiuliza Janini ni nani, na mimi nimekaa kitandani nafunga viatu kama sisikii. Kesho yake nikamwambia ni ya rafiki yangu aliyehama, nitamfikishia. Hapa hakuna Jeannine. Kuna Christina Severini wa Usevya. Cheti cha kidato cha nne kinasema hivyo na kitambulisho kinasema hivyo. Mwaka wa nane huu tangu Mzee Severini anipe nafasi ya shule ya marehemu binti yake, na bado unasahau? Barua zote mpe Dafrosa wa samaki. Anafika Tabora kila mwezi, hajui kusoma, na hata angejua hana muda.

Sasa habari njema. Pasaka nakuja! Wametupa siku kumi. Nitapanda hapa jioni na asubuhi nitashuka Katumba, daraja la tatu, na ile tiketi yetu ya kadi. Naipenda sana ile kadi. Ndogo, ngumu, imeandikwa Tabora hadi Katumba, na namba, basi. Haiulizi wewe ni nani. Nikishuka nampa mkaguzi, anaitia mfukoni, na mimi nimeshakuwa mtoto wako tena. Wakati wa kurudi nanunua nyingine, nikifika huku ni Christina. Ndivyo nilivyokuja mara zote na hakuna aliyenitazama mara mbili.

Watu wanasema italetwa tiketi ya kompyuta, kuna fundi anavuta nyaya ofisi ya tiketi. Mimi siamini. Vitu vingi hapa vinakuja na havifiki.

Miezi kumi na tisa sijala sombe, kisamvu cha mkono wako. Nisalimie baba mdogo Gervais. Barua hii ukishaisoma ichane.

Mtoto wako,
J.


Katumba, 27 Februari 1997

Mwana wanje Christina (umeona? nimejifunza),

Barua imefika inanuka migebuka ya Dafrosa, lakini imefika. Nimeisoma mara nne. Nitaichana kesho.

Na mimi nina habari. Ijumaa alikuja karani wa tiketi kutoka stesheni ya Mpanda, kijana wa Usevya anaitwa Leodgar, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kumpa mkono. Akaitisha mkutano. Anasema wakubwa wa reli wanataka maoni ya abiria, fomu moja kwa kila mtu. Unapendelea tiketi ya kadi tuliyozoea, au tiketi ya mashine ambayo itaandikwa jina la msafiri? Toa sababu. Kila njia itapewa ile ambayo watu wake wamechagua. Kisha akauliza nani hapa ana mwandiko mzuri. Unajua walimnyooshea nani kidole.

Nilikaa siku mbili kwenye benchi la kanisa, wakaja watu sitini na watatu. Nikuambie ukweli, karibu wote walitaka kadi. Bibi Laurence alisema kadi akiifunga kwenye pindo la kanga, hata anyeshewe namna gani inabaki kadi, hizo karatasi zitamfia mkononi. Silvester akasema mgonjwa akizidiwa asiweze kusafiri, kadi anampa nduguye aende badala yake, je, yenye jina atampa nani? Ni Gervais peke yake aliyetaka ya mashine, na sababu yake ilinitoa machozi. Alisema, "Andika, shemeji, kwamba nina makaratasi mengi yenye jina langu na yote yanasema mkimbizi. Nataka moja inayosema abiria."

Nilikaa nikafikiri. Mtu wa ofisi akikuletea kitu kipya akakuuliza kama unakitaka, huyo hakuulizi, anakupima. Tangu mwaka sabini na mbili tumekaa hapa kwa kushukuru. Tulishukuru kwa majembe, tukashukuru kwa mahindi ya njano yenye wadudu. Sasa watu sitini na wawili wa Katumba waandike kwamba hawataki majina yao yajulikane ndani ya treni? Wangekuja askari kutuuliza tunaficha nini. Kwa hiyo nimewaandikia wote ya mashine. Sababu nimetumia ile ya Gervais, naibadilisha kidogo kidogo zisifanane. Wao hawajui. Niliwaambia nimeandika walivyosema.

Leodgar alisoma tatu nne akasema, "Mama, watu wako wanaelewa maendeleo." Nilirudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Maharage ya Pasaka nimeshayatenga, Gervais amekatazwa kuyagusa. Njoo haraka.

Mama yako,
Vénérande


Tabora, 23 Machi 1997
Jumapili ya Matawi

Mama,

Siji.

Jana nilikwenda kukata tiketi. Dirishani kuna mashine inayolia kama cherehani. Karani hakuniuliza ninakwenda wapi, aliniuliza jina. Kisha kitambulisho. Nikamuuliza kwa upole, dada, kadi zimekwisha? Akasema kwa njia ya Mpanda zimefutwa kabisa, na orodha ya majina inatangulia treni kwenda kila stesheni. Katumba ataipokea ofisa wa makazi ya wakimbizi. Mtu wa Katumba akishuka, anaulizwa kibali cha kutokea. Mgeni akishuka, anaulizwa kibali cha kuingilia.

Fikiri na mimi. Christina hana kibali cha kuingia, na angekiomba wangemuuliza anamfuata nani. Jeannine hana kibali cha kutoka, alitoka na miaka kumi na minne ndani ya gari la mpunga. Wala hana kitambulisho. Jina lolote nitakaloshuka nalo nitashikwa, na chuo kitajua wiki hiyohiyo, na Mzee Severini atafungwa kwa wema wake. Nikatoka kwenye foleni. Aliyekuwa nyuma yangu alifurahi sana.

Ukutani wamebandika tangazo. Linasema abiria wa njia ya Mpanda wenyewe, tisini na wawili kati ya mia, wamechagua tiketi ya mashine. Njia nyingine walikataa, na wameachiwa kadi zao. Nilisimama pale nikapiga hesabu. Mama, sitini na watatu kati ya hao ni wewe.

Ulikaa siku mbili kwenye benchi na kalamu mkononi. Swali limeandikwa, jina la msafiri. Hukunikumbuka hata kidogo? Uliogopa ofisi mpaka ukasahau kwamba una mtoto. Mimi ndiye unayemficha, Mama! Mimi!

Samahani. Sifuti nilichoandika kwa sababu ni kweli, lakini samahani. Maharage mpe baba mdogo.

J.


Katumba, 4 Aprili 1997

Kwa Ndugu Leodgar, Karani wa Tiketi,
Stesheni ya Mpanda.

Ndugu Karani,

Salamu nyingi. Mimi ni yule mama aliyekujazia fomu sitini na tatu kwenye benchi la kanisa. Nakuandikia kwa heshima kukuomba unirudishie zile fomu, au zifutwe, kwa sababu nilikosea.

Watu walisema wanataka kadi. Mimi niliandika tofauti kwa akili yangu mwenyewe. Kosa ni langu, wao hawana hatia, na hakuna mtu yeyote hapa anayeficha kitu. Nakuomba sana hilo liandikwe. Nipo tayari kuja Mpanda kusema kwa mdomo, kama mkuu wa makazi atanipa kibali.

Tena nakuomba, kama inawezekana, watu wa Katumba peke yao warudishiwe kadi. Hatutasumbua.

Nakuheshimu,
Vénérande Nestori


Stesheni ya Mpanda, 14 Aprili 1997

YAH: MAOMBI YA KURUDISHIWA FOMU ZA MAONI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yako imepokelewa. Ninasikitika kukuarifu kwamba fomu zilikwishapelekwa makao makuu, zimehesabiwa, na uamuzi umetolewa. Hakuna utaratibu wa abiria kubadilisha maoni.

Hiyo ni barua ya ofisi, mama yangu. Hapa chini ni mimi.

Nilijua. Fomu sitini na tatu, mwandiko mmoja, herufi zimelala upande mmoja, na kila abiria anataka karatasi inayomwita abiria. Mtoto wa darasa la pili angejua. Lakini niliagizwa nirudi na fomu mia moja, na kwa wiki tatu nilikuwa nimepata thelathini na saba, maana hapa Mpanda watu wakiniona na karatasi wanakumbuka wana mgonjwa nyumbani. Wewe ukanipa zote mkononi. Nilikushukuru na sikuuliza. Wakubwa wamenipa barua ya pongezi, nimeitia kwenye fremu, na sasa unaniharibia fremu yangu.

Sielewi kwa nini imekuuma kiasi hiki. Tiketi ni tiketi, atakayesafiri kwa haki jina halimdhuru. Kama kuna jambo usiloweza kuandika, usiliandike. Mimi ni karani mdogo na sina pa kuliweka.

Wako katika kazi,
Leodgar


Tabora, 25 Mei 1997

Mama,

Dafrosa kaniambia umekonda. Kaniambia pia kwamba tiketi ya mashine imelowa maji ya samaki, maandishi yote yamefutika, na mkaguzi kamlipisha upya. Anakutukana kila kituo bila kujua ni wewe.

Hasira zimekwisha. Ziliisha zamani, nilikuwa naona aibu kuandika.

Nimepata njia. Ni ndogo, usifurahi sana. Mwezi wa sita nina likizo. Nitakata tiketi ya Christina Severini kwenda Mpanda, siyo Katumba. Mpanda hakuna kibali, ni msichana wa wilaya hiyo anakwenda kwao, nani atamuuliza? Nitafika Usevya nikae siku tisa na Mzee Severini na mkewe, Mama Marsela. Lakini treni lazima isimame Katumba kwanza. Jumatano tarehe kumi na moja, asubuhi. Nitakaa dirishani, behewa la tatu kutoka kwenye injini, upande wa jengo la stesheni.

Njoo uuze kitu. Muuzaji haulizwi. Usiniite jina lolote, wala hili wala lile. Baba mdogo asije, hawezi kuzuia uso wake.

J.


Katumba, 17 Juni 1997

Mwana wanje,

Nilichemsha mihogo tangu alfajiri. Nilifika kabla ya treni saa nzima, nikakaa mbele kabisa, wale mama wanaouza pale kila siku wakanitukana kwamba nimechukua nafasi yao. Nikawapa mihogo mitatu wakanyamaza.

Nilikuwa nimepanga kukuambia mambo matatu. La kwanza, kwamba nisamehe. La pili, kaburi la baba yako tumelipandia maua. La tatu nimelisahau. Ulipotoa kichwa dirishani umesuka nywele vile, shavu limejaa, mtu mzima kabisa, mdomo wangu ukasema, "Ya moto, ya moto!" Na wewe ukasema, "Mama, bei gani?" Nikasema, "Ya moto." Yule mzee mwenye kofia pembeni yako akacheka akasema huyu mama hajui kuuza.

Ulinipa pesa, nikakushika mkono badala ya pesa. Ulikuwa na jasho. Yule mzee akasema, "Mama, mwachie dada mkono wake, mpe chenji." Nilikuachia. Ofisa wa makazi alikuwa hatua tano na orodha yake anaita majina ya wanaoshuka. Kila alipoita nilitega sikio, na jina lako halikuwepo, ni haki lisiwepo, na bado nilisubiri aliite.

Halafu ikaondoka. Nimebaki na noti yako. Gervais anasema nikanunue chumvi. Sitaki.

Niambie Usevya ulikula nini. Niambie Mama Marsela alikupokea vipi. Usinifiche kwa kunihurumia. Najua anakuita mwanangu, najua ana haki, alikuvalisha sare ya mtoto wake aliyekwisha kumzika, mimi nisingeweza. Lakini wewe unalala kwake siku tisa na kwangu ulisimama dakika kumi, na mbili kati ya hizo alizila yule mzee mwenye kofia.

Mama yako


Stesheni ya Mpanda, 30 Juni 1997

Kwa dada anayeitwa Christina Severini,
Chuo cha Wauguzi, Tabora.

Anwani yako nimeipata kwenye orodha ya abiria. Mimi ndiye karani uliyempa tiketi ulipofika Mpanda. Niliita jina lako mara mbili, pengine unakumbuka.

Nilisoma Usevya darasa moja na Christina wa Mzee Severini. Tulikaa dawati moja miaka miwili. Alikuwa akininyima kifutio. Novemba ya mwaka themanini na tisa homa ikamchukua kwa siku tatu, kabla matokeo hayajatoka, na sisi wa darasa la saba tulipangwa mistari miwili kuimba kaburini. Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Kwa hiyo mashine iliponiletea jina hilo nilidhani ni majina yamegongana. Kisha ukaitika, ukauliza gari la Usevya.

Nisikilize vizuri. Wakati wa kadi ningeitoboa tiketi yako, ningekutakia asubuhi njema, na ingeishia hapo. Mashine hii imenilazimisha kukujua. Sikutaka.

Jumapili iliyofuata nilichukua baiskeli mpaka Usevya kwa hasira, nikusute mbele ya wazee. Nilifika nyuma ya nyumba nikamwona Mama Marsela anakusuka. Alikuwa anacheka. Sijamwona mama yule akicheka tangu siku ile. Nikageuza baiskeli, na usiniulize nilijisikiaje, maana kilomita zote zile nilizipiga bure.

Sijamwambia mtu na sitamwambia. Lakini Septemba nahamishwa. Anayekuja kushika kiti hiki ni Stanslaus, na mama yake ni dada wa tumbo moja na Mama Marsela. Yeye naye alikuwepo msibani, na yeye hageuzi baiskeli. Usishuke tena Mpanda kwa jina hilo. Kama ni lazima uende Usevya, tafuta lori.

Jambo la mwisho. Kuna mama mmoja Katumba aliniandikia Aprili akiniomba fomu zirudi, na mimi nikamjibu kwa mzaha. Sijui kama unamfahamu, na usiniambie. Ukikutana naye, mwambie kwamba fomu zile nilizipeleka mimi, kwa miguu yangu, nikijua zilivyo. Mzigo huo asiubebe peke yake.

Leodgar


Tabora, 2 Novemba 1997

Mama,

Nimefaulu. Niko wa nne kati ya thelathini na mmoja. Matroni, ambaye hajawahi kunisifu tangu nifike, amenipa chai yenye maziwa.

Sasa kaa chini. Jana zimebandikwa nafasi za kazi. Nilitafuta jina kutoka juu mpaka chini, nikaliona karibu na mwisho. Christina Severini, Muuguzi, Zahanati ya Makazi ya Katumba. Nilicheka mpaka wenzangu wakadhani nimepangiwa Dar es Salaam.

Barua ya kazi ndiyo kibali. Naweza kusimama dirishani, nikataja jina hili kwa sauti, mashine iandike Katumba, nikashuka mbele ya ofisa na akanipokea sanduku. Nilichokililia tangu Pasaka nimepewa, na siwezi kukipokea. Mama, kila mtu pale ananijua! Bibi Laurence alinikata kitovu. Silvester aliniokoa kisimani. Mtu mmoja tu akinisalimu Janini mbele ya ofisa, tumekwisha sote, na Mzee Severini na wewe.

Nikikataa, nitapelekwa mbali, Lindi au Kagera, na hutaniona tena ila nikiwa na wajukuu zako wasiojua unaitwa nani. Nikikubali, nitakutibu kikohozi na kukuita mgonjwa. Njia ya Mpanda kwa treni nimefungiwa, kuna mtu pale wa kuniumbua, nitakueleza siku moja. Nikishuka Katumba nimeshashuka, hakuna kurudi nyuma.

Nina wiki tano za kujibu. Sijui nifanye nini. Nakuogopa wewe kuliko ofisi, utaniambia nije kwa sababu unanitaka. Waulize watu. Na safari hii usijaze kwa niaba yao.

J.


Katumba, 23 Novemba 1997

Mwana wanje,

Hii ni mara ya mwisho nakuita hivyo kwa maandishi.

Nimewauliza. Nilianza kwa kuwaambia kweli kuhusu zile fomu, nyumba kwa nyumba, peke yangu, nimekataa Gervais anisindikize. Bibi Laurence alinifungia mlango. Silvester alisema, "Kwa hiyo ni wewe uliyefanya nisimwone ndugu yangu Kaliua?" Nikasema ni mimi. Wiki nzima nilichota maji peke yangu. Ilinistahili, na iliniuma.

Kisha nikarudi tena kwenye milango ileile, nikawaambia habari yako. Sikuandika chochote. Nilisikiliza tu. Kulikuwa na watu wanne waliosema hapana, usije, utatuletea askari, na nimekaa nao mpaka nao wakaona. Laurence ndiye aliyewamaliza. Alisema, "Zahanati haina muuguzi tangu mwaka jana, mimi nina miaka sabini na mbili, mtoto niliyemkata kitovu anakuja kunitibu, na mnataka nimkatae kwa ajili ya jina?" Wamekubali wote. Kunyamaza wanajua, wamefanya kazi hiyo miaka ishirini na mitano. Watoto waliozaliwa baada yako hawakufahamu. Waliobaki tumewazoeza. Wakikutaja nyumbani wanasema Sista Christina, na anayekosea anachota maji ya wenzake.

Kulikuwa na jambo jingine, nimelifanya bila kukuuliza kwa sababu ungekataa. Kwenye kadi ya familia ulikuwepo bado. Wiki iliyopita ofisa alikuja kuhesabu watu. Akasoma, Jeannine, binti, yuko wapi? Nikasema amefariki. Akauliza lini. Nikasema Pasaka. Akapiga mstari, ikachukua muda mfupi kuliko kukata tiketi, akanipa pole na kwenda nyumba inayofuata. Ilibidi tuketi msiba hata kama umechelewa, ofisa aone, majirani wakaleta unga na kuni. Gervais alijua kila kitu na alilia kweli, sikuweza kumnyamazisha. Mimi sikulia, na watu wa kijiji cha jirani wamenisema kwamba nina roho ngumu.

Kwa hiyo njoo. Nakutaka, ndiyo, sikatai, ulinijua vizuri. Lakini sikuiti kwa sababu hiyo tu.

Ukishuka, usiangalie upande wa nyumbani. Muuguzi mgeni hajui njia. Simama na sanduku lako, uulize zahanati iko wapi, na hata kama ni Silvester anayekuelekeza, mwambie asante mzee, wewe ni mwenyeji hapa? Mimi sitakuwepo stesheni. Nitakuwa shambani, nitasikia tu honi.

Kaa wiki mbili. Kisha, mchana, siku ya kliniki, watu wakiwa wengi na ofisa yupo, uulize kama kuna mama anayeweza kukusaidia kupika, maana kazi zimekuzidi. Wataniita. Nitakuja nimevaa kanga safi. Nitasimama mlangoni kwako, na wewe utainua kichwa uniulize mbele ya watu wote, "Mama, unaitwa nani?"

Nitakutajia. Usilie, mwanangu, kwa sababu ukilia mimi nitashindwa.

Vénérande